Mfuniko wa Idara ya Kupoza Ndimi

Idara ya Kupoza Ndimi ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba ugomvi wa lugha nchini umekwisha. Kilichobaki ni utekelezaji tu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa bombani. Waliohamia kutoka ng'ambo ya milima walipanga ndoo zao huku wakipiga soga kwa lugha yao, na wenyeji wakaamini wanasengenywa. Wakarushiana maneno, kisha ndoo. Watu wakaomba bomba la pili. Idara ikawaletea kipimo.

"Mtu akizungumza anaweza kudanganya," Mkurugenzi alieleza redioni. "Lakini akishtuka, ulimi hutoka kama ulivyozaliwa."

Kwa hiyo kila mkazi ataingia ukumbini, ataangushiwa mfuniko wa sufuria nyuma ya mgongo, na lugha atakayopigia ukelele ndiyo yake. Wa lugha ya ofisi watafungwa utepe wa buluu, wabaki. Wengine watafungwa wa njano, wapande lori, wapelekwe ng'ambo ya milima wakashtuke kwa amani.

Fundi cherehani, mwanamke mjane, alisikia tangazo hilo mguu ukiwa kwenye kanyagio, na mguu ukasimama wenyewe. Hakujihofia yeye, lugha ya ofisi alizaliwa nayo mdomoni. Alimhofia binti yake, waliyemwita Kifungo kwa udogo wake. Tangu baba yake afariki, Kifungo alilelewa na mama mkwe wa fundi, bibi wa ng'ambo ya milima, wakati mama anahangaika na sare za watu. Lugha ya ofisi mtoto aliijua vizuri tu. Lakini akijikwaa, au akiona mjusi, alimwita mama kwa lugha ya bibi.

"Mama, huyu watamchukua," fundi alimwambia mama mkwe.

"Basi watatuchukua wote wawili."

"Si ujifunze kidogo tu, mama?"

"Nijifunze kuogopa? Uzee wote huu, niogope kwa lugha ya kuazima?"

Fundi akaanza na mtoto. Kifungo akinywa chai, mfuniko pwaa! Akipiga mswaki, pwaa! "Sema 'Mama nakufa!' Siyo hivyo. Sema kiofisi." Mtoto alilia, akasahihishwa, akalia tena kwa usahihi. Mtaa mzima ulikuwa katika kazi hiyo, mpaka mifuniko ikaadimika madukani. Muuza mkaa alimwangushia mkewe beseni la bati. Mkewe akageuka taratibu, akasema, "Lo, nimeshtuka," kwa matamshi safi kabisa, akaendelea kufagia.

Siku ya kipimo lori lilisimama mlangoni, limewashwa. Ndani, Afisa Mshtuaji alikishika Kifaa cha Taifa cha Mshtuko, yaani mfuniko wa sufuria uliopigwa mhuri. Mkurugenzi alikaa jukwaani kushuhudia.

Pwaa!

"Nimeshtuka mno, ndugu afisa," alisema muuza mkaa.

"Buluu. Mwingine!"

Bibi hakusubiri mfuniko. Alimgeukia afisa akamsalimia kwa lugha ya kwao, akamuuliza na hali ya watoto. Akafungwa utepe wa njano, akaenda kukaa kwenye benchi la njano, peke yake kama mzigo uliosahauliwa. Kifungo alimtazama bibi yake. Fundi akaubana mkono wa mtoto, kisha ikabidi auachie.

Pwaa!

Kifungo hakutikisika. Aliinama, akauokota mfuniko, akampa afisa kwa mikono miwili. "Shikamoo. Umekuponyoka."

Afisa akageukia jukwaa. "Mheshimiwa, huyu hana lugha."

"Haiwezekani! Huyu anatufanyia makusudi!" Mkurugenzi alivua koti, akanyakua mfuniko, akapanda juu ya kiti chake ili mshtuko uanguke kutoka ngazi ya kitaifa.

Mguu wa kiti ukavunjika. Mkurugenzi alikwenda chini, tumbo mbele, na huku akienda alimwita mama yake kwa sauti nyembamba ambayo ukumbi haukuwahi kuisikia. Alimwita kwa lugha ya ng'ambo ya milima.

Bibi akainuka kwenye benchi la njano.

"Nipo, mwanangu," aliitika kwa lugha ileile. "Umeumia wapi?"

"Goti," alijibu Mkurugenzi kwa lugha ileile, kabla hajajizuia.

Afisa, mtu wa kufuata taratibu, alikata kipande cha utepe wa njano. "Mkono, mheshimiwa."

"Weka chini takataka hiyo! Lugha hii si yangu. Nimeikuta tu mdomoni."

"Ndivyo wanavyosema wote, mheshimiwa."

"Jamani," dereva wa lori alipaza sauti kutoka mlangoni, "napakia au sipakii? Mafuta yanaungua!"

"Hupakii!"

Akiwa bado sakafuni, Mkurugenzi alitangaza kuwa kiti kimegundulika kina hitilafu ya lugha, hivyo matokeo yote yamefutwa, na Idara inawapongeza wananchi kwa kupoa. Bibi aliufungua utepe wake akafungia ufunguo wa mlango.

Fundi alifurahi, akafurahi mpaka siku Kifungo alipogusa pasi ya mkaa. Kiganja kilivimba palepale. Mtoto alisimama kimya, macho makavu, akimtazama mama yake, akisubiri kuambiwa aseme nini.

"Lia, mwanangu," fundi alimsihi huku akimpulizia. "Lia vyovyote vile."

Hakulia. Mwenye mtoto na asikie hapo.

Fundi na bibi wakampeleka zahanati, wakapita chini ya dirisha la Idara. Ndani, pwaa! Waziri alikuwa anakuja kumpima Mkurugenzi, na Mkurugenzi alikuwa mafunzoni. Sauti nyembamba ikamwita mama, kwa lugha ileile.

"Si hivyo, mheshimiwa," ilisikika sauti ya afisa. "Turudie."

Pwaa! Ikaita tena.

Bibi akaweka viganja mdomoni. "Nipo, mwanangu!"

Dirisha likafungwa kwa kishindo. Kifungo aliinua uso, mkono wake umeshikwa hewani kama kitu cha mtu mwingine.

"Mama, mbona yeye anakosea kila mara?"

Fundi aliyatazama macho yale makavu, kisha akalitazama dirisha. Mfuniko ulianguka tena huko ndani, na mtu mzima akamlilia mama yake.

"Bado hajafundishika," alisema fundi, na kwa mara ya kwanza maishani alimwonea wivu kigogo wa serikali.