Rudisheni Samaki Wangu wa Mraba wa Saba

Kamunyonge, Musoma

Kwa Dkt. Getruda, Kiongozi wa Utafiti wa Matumbawe

YAH: KUFUTWA KWA SAMAKI WANGU 412

Ndugu Daktari,

Pole na majukumu. Mimi ni Mugeta, yule msaidizi uliyemrudisha Musoma kwa basi baada ya wiki moja ya kuchunguza kama viumbe wa matumbawe wamepona tangu meli imwage mafuta baharini. Nimesikia unapanga safari ya pili na jina langu halimo. Naandika kwa heshima zote, ingawa nimevimba kwa hasira.

1. Umesema sijui samaki kwa sababu fomu yangu nzima imejaa neno "furu". Daktari, kwetu ziwani kuna sato, sangara na dagaa. Wengine wote wadogo wenye rangirangi ni furu. Nimekulia Kiriba nikiwala. Kama hao wa kwenu wana majina yao, hakuna aliyenitambulisha.

2. Nilichekwa kwa kunywa maji ya bahari. Mtu wa kwetu akiingia mtumbwini ananawa uso, anapiga mafunda mawili, ndipo kazi inaanza. Kwamba yana chumvi, nilisoma shuleni. Kwamba bado yana mafuta, niligundua kabla ya mashine yenu.

3. Eti sijui kuogelea. Ni kweli. Kwetu kuna mamba, na waliokuwa hodari wa kuogelea hatunao tena. Nilihesabu nikiwa nimelala kifudifudi kwenye boti, nikichungulia kwa ndoo yenye kioo chini. Samaki hawakulalamika.

4. Hili ndilo linaloniuma. Katika miraba yenu ya kamba, ile mnayotandaza juu ya matumbawe ili kuhesabia, mlipata samaki watatu, wanne. Mraba wa saba, wa kwangu, nilipata 412! Badala ya kunipongeza, mkaufuta. Mama yangu Eufrasia alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe ameponya bahari. Sasa ananiuliza, "We Mugeta, hao samaki walikuwaga wapi, na wameenda wapi?" Mjomba Mwikwabe wa Bunda, analima pamba na bahari hajawahi kuiona, naye anadai nilihesabu mara mbili.

Kwa hiyo naomba mraba wa saba urudishwe, itangazwe kwamba matumbawe yamepona, wavuvi waliozuiwa kuvua tangu mafuta yamwagike warudi kazini, na mimi niitwe safari ya pili kama mtaalamu. Nisipojibiwa nitapanda ngazi za juu, nikianzia kwa mchungaji. Nakala tatu za barua hii nimeshatoa kwenye duka la fotokopi, Iringo.

Nisalimie wapiga mbizi wote, mpishi, na nahodha aliyenishika mkanda nisidumbukie.

Wako anayeonewa,
Mugeta

N.B. Nikiwa juu ya mraba wa saba, yale maji niliyokunywa yalirudi, yakaja na ugali na dagaa wa asubuhi. Hao 412 walitoka mbali, wakaja kula. Kabla ya hapo nilikuwa nimehesabu vizuri, mara tatu. Alikuwepo mmoja, tena akiogelea ubavuubavu. Tafadhali wavuvi wasubiri. Andika mmoja.