Mabati ya Kyengo

Ngigi alikuwa ameegesha Probox yake kando ya barabara pale Membley, anakula smokie na kachumbari, aliposikia pesa ikipiga kelele ng'ambo. Pesa hiyo ilikuwa imevaa leso na malapa, imesimama mbele ya lango lake, inagombana na vijana wa kukodisha hema. Kila shughuli hema, mama yule alikuwa akisema. Chama hema, birthday hema, watu watano wakija kunywa chai mvua ikinyesha, hema. Na sasa wakwe wanakuja kwa ruracio, mahari ya binti yake Wangechi, na vijana hawa wanataka kumpa tena lile lililovuja siku ya chama likamwaga maji kwenye sufuria ya pilau.

Vijana waliondoka na hema lao. Mama akabaki amesimama, akageuza shingo, akalitazama paa la veranda ya jirani lililochungulia juu ya ukuta. Alilitazama kidogo tu, lakini Ngigi alikuwa anamtazama yeye.

Kuna watu hapa Ruiru wanaoishi kwa mshahara, na kuna wanaoishi kwa nyumba za kupangisha. Ngigi aliishi kwa wivu wa majirani. Hiyo ni biashara nzuri kuliko zote, haina leseni na haina msimu. Alijipangusa mdomo, akavaa helmeti ya manjano ambayo hukaa kiti cha nyuma kwa kazi hiyo tu, akavuka barabara.

"Habari ya asubuhi, mama. Samahani, wewe ndiye ulinipigia mambo ya veranda?"

Mama akasema si yeye. Ngigi akaomba msamaha sana, akatazama simu yake, akasema basi atakuwa mama wa nyumba ya kona, na akaanza kuondoka polepole, kama mtu anayejua kwamba ataitwa. Hakufika mbali.

Mama huyo jina lake Waruguru, lakini mtaani ni Mama Wangechi. Jirani yake, Mzee Njau, alijenga veranda yake kwa karibu laki tano, na tangu siku hiyo haongei mambo mengine. Ngigi akasikitika kwa niaba ya Mzee Njau. Laki tano! Mzee wa watu aliliwa. Yeye angeijenga hiyo hiyo, nguzo za chuma, mabati ya rangi ya maruni yasiyofifia, kwa laki mbili na ishirini.

Mama Wangechi hakuwa mjinga. Alimwambia kwamba mafundi wa siku hizi wakipewa deposit wanabadilisha laini ya simu kabla hujarudisha yako mfukoni. Hapo ndipo Ngigi alipovua helmeti, kwa heshima, na kutoa ile sentensi iliyomlisha mwaka mzima.

"Mama, mimi sichukui hata shilingi kabla hujaona mali. Vifaa vikilala kwako, ndani ya lango lako, hapo ndio utanipa nusu. Usipoviona, tusijuane."

Nani angekataa? Macho ya mtu ndiyo shahidi wake wa kwanza, na Ngigi alikuwa ameyahonga macho ya wengi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kule Thika kulikuwa na mwenye hardware aitwaye Kyengo, mtu mnene asiye na haraka. Kyengo alimkodishia Ngigi mabati na nguzo za veranda moja kamili, kwa siku, kama vile watu wanavyokodisha viti vya plastiki. Mabati yakishalala kwa mteja na deposit ikishaingia, Ngigi alirudi kesho yake na uso wa huzuni, akasema hardware imemwaibisha, imemletea geji nyembamba, na yeye hawezi kumjengea mama mzuri kama huyu na bati linalopinda kwa upepo. Mteja alimsaidia kupakia. Wengine walimpa na chai. Mabati yakarudi kwa Kyengo, na Ngigi akabadilisha laini.

Mabati hayo yalikuwa yametembea kuliko maaskofu. Yalilala Mwihoko, yakalala Kiganjo, na hayakuwahi kuonja mvua hata siku moja juu ya kichwa cha mtu.

Lakini Kyengo naye si mtoto. Logbook ya Probox, ile hati ya umiliki, ilikaa ndani ya droo yake, pamoja na karatasi ya kuuza ambayo Ngigi alikuwa ameshatia sahihi. Masharti yalikuwa mafupi: mabati yakirudi mazima, unalipa kodi ya siku. Yakirudi na tundu la msumari, umeyanunua, na gari ni langu. Ngigi alicheka siku hiyo. Ni nani angepiga msumari, na fundi mwenyewe ni yeye, na yeye hajui hata kushika nyundo?

Na Probox ile aliipenda. Hakuwa na mke, hakuwa na shamba. Alikuwa na Probox, yenye taulo kwenye dashboard na mito miwili iliyoandikwa Mungu ni Mwema. Bila hiyo hangekuwa kontrakta. Angekuwa tu mtu mwenye helmeti.

Alhamisi mabati yakafika Membley. Mama Wangechi aliyapapasa, akayagonga kwa kidole, akatuma nusu. Laki moja na elfu kumi ikaingia kwa simu ya Ngigi ikitoa ule mlio ambao hata kasisi hugeuka kuusikia. Hapo mtu mwenye akili angeaga na kwenda zake.

Ngigi hakuaga. Siku za mwizi ni arobaini, na wengi huzimaliza wenyewe kwa haraka yao. Aliona mama amefurahi, mkono bado uko wazi, akasema liko jambo dogo la desturi. Fundi hapandi juu ya paa na tumbo tupu. Siku ya mabati, mwenye nyumba huwachinjia mafundi mbuzi. Mama kama angependa, amtumie tu elfu kumi na tano, yeye atatafuta mbuzi mzuri.

"Hapo umesema ukweli," Mama Wangechi akasema. "Paa bila mbuzi litakuja kuleta maneno. Lakini mbuzi wa kuliwa kwangu sichaguliwi na mwanaume. Wacha nitafute mwenyewe."

Ngigi akasema sawa, haidhuru, na akalala usingizi wa watoto.

Ijumaa alipiga simu kuleta ile huzuni yake ya geji. Mama Wangechi akamwambia hayuko nyumbani, lango limefungwa, mabati hayana miguu, aje Jumamosi saa saba. Sauti yake ilikuwa tamu. Ngigi hakupenda, maana kodi ya Kyengo ilikuwa inapanda, lakini angefanya nini?

Jumamosi alisikia nyundo kabla hajazima gari.

Kwanza aliomba Mungu iwe ni nyumba ya jirani. Halafu lango likafunguliwa. Nguzo zake zilikuwa zimesimama, zimefungwa bolti kwenye sakafu, na juu yake mafundi wanne, mafundi wa kweli wenye suruali chafu, walikuwa wanapigilia bati la mwisho. Kila pigo Ngigi alilisikia ndani ya logbook. Chini kulikuwa na sufuria, moshi, kina mama wa chama, na kaka watatu wa Mama Wangechi waliosimama karibu na lango bila kazi maalum. Mmoja akalifunga nyuma yake, taratibu, kwa adabu.

"Karibu, kontrakta," Mama Wangechi akasema. "Nyama iko karibu kuiva."

Ngigi akaanza kusema jambo la geji. Ilikuwa hotuba nzuri, na angeimaliza, kama mwanamke mwingine hangetoka jikoni na sinia. Alikuwa Mbithe, wa Kiganjo. Mbithe ambaye mabati hayo hayo yalilala kwake, akatoa elfu arobaini, akapika na chai ya kuyaaga.

Mbithe hakupiga kelele. Alimkalisha, akamwekea sahani, akamsimulia kama mtu anayemsimulia mgeni safari. Yeye na Mama Wangechi wako chama kimoja. Juzi Mama Wangechi alimpigia, ati anataka mbuzi wa mafundi, na Mbithe anafuga wawili watatu nyuma ya nyumba. Ijumaa asubuhi akamleta beberu wake. Sasa beberu huyo alikuwa na tabia moja: akiona bati linalong'aa, anaona beberu mwingine ndani, na hawezi kuvumilia. Yale mabati yalipolala Kiganjo aliyapiga pembe, akaacha vibonyeo viwili. Ngigi mwenyewe alimfukuza siku hiyo kwa fimbo.

"Basi tunaingia hapa Membley," Mbithe akasema, "na huyu mnyama ananivuta. Ananivuta mpaka kwa bati moja. Kuangalia, vibonyeo vyake viko hapo vinamngoja."

Ijumaa hiyo waliyageuza mabati, na upande wa chini, mahali ambapo hakuna mteja aliyewahi kutazama, kila bati lilikuwa na muhuri wa duka la Kyengo na namba yake ya simu.

"Kyengo hawezi kukubali!" Ngigi akasema. Ndiyo mara pekee alipoinua sauti siku hiyo.

"Kyengo?" Mama Wangechi akashangaa. "Si tulimpigia? Tulimuuliza kama kuna ubaya tukiyatoboa. Misumari ameleta mwenyewe. Hakutulipisha."

Na kweli, kwenye kona, nyuma ya mfupa mkubwa, alikuwa amekaa Kyengo. Akamsalimia kwa kichwa. Kwa nini asikubali? Mabati yakirudi mazima angepata kodi ya siku tatu. Yakitobolewa angepata gari. Biashara ni biashara. Alipangusa mikono kwa kitambaa, akainyoosha wazi, na Ngigi akaweka funguo juu yake. Aliomba tu mito. Kyengo akasema mito imo kwenye bei.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Mbithe akasema angependa elfu arobaini yake kabla supu haijapoa, na ya beberu pia, maana mwenye desturi ndiye alipaye. Ngigi alitazama lango, akawatazama wale kaka watatu, akatuma. Nusu ya Mama Wangechi Ngigi aachiwe, mama akasema, kwa sababu walikubaliana na mama si mwizi. Ile nusu nyingine amewalipa mafundi waliojua kazi.

Ngigi akala. Angefanya nini kingine? Nyama ilikuwa ngumu, ya mnyama aliyeishi na msimamo. Machozi yalimlengalenga, na kina mama wakadhani ni pilipili.

Halafu mvua ikaja, ile ya Ruiru isiyobisha hodi. Watu wote wakakimbilia chini ya veranda na sahani zao, wakajaa, wakacheka. Ngigi akakimbia nao, kwa mazoea, mkono mfukoni ukitafuta funguo. Akasikia Probox ikiwashwa nje, ikikohoa mara moja kama kawaida yake, ikielekea Thika bila yeye. Akainua macho. Paa halikuvuja hata tone, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mzee Njau, aliyekuwa amekuja kuchunguza kwa kisingizio cha kusalimia, alijipenyeza hadi kwake. Aliigonga nguzo, akapima paa kwa macho, akaona ile helmeti ya manjano.

"Fundi, mimi yangu ilinikula karibu laki tano," akasema kwa sauti ya chini. "Hebu niambie ukweli. Hii imekula ngapi?"

"Probox moja, mzee."

Mzee Njau akafikiria sana. Akauliza kama hiyo ni pamoja na labour.

Ngigi akaitazama mvua.

"Na mbuzi," akasema.