Ulezi wa Shamba, Ulezi wa Mtoto

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mkuu wa maktaba kaenda likizo Kirando. Kaniachia ofisi mimi, Valerian, si Rosina! Rosina kanuna. Miaka yote kazi yake kubandika namba migongoni mwa vitabu: hii kilimo, ile malezi. Nani leo anatafuta namba? Watu wanaandika neno kwenye simu, basi. Nimepata programu inayopanga vitabu kwa maneno. Mkuu akirudi, naibu ni mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimebandua namba zote. Rosina kasema nitajuta. Wivu tu! Sada wa duka la jirani kaja na mtoto wake wa kwanza, anayelia usiku kucha. Kaomba kitabu cha ulezi. Nikaenda rafu mpya ya Ulezi, nikachomoa cha kwanza. Kashukuru mno.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mzee Ignasi katoka kijijini, ulezi wake unakauka shambani. Kataka kitabu cha magonjwa ya ulezi. Nikamkabidhi cha kunyonyesha. Kasoma kidogo, kauliza kwa upole kama shamba nalo linabebwa mgongoni. Rosina kacheka hadi kakaa chini. Kumbe kompyuta imechanganya nafaka na watoto! Kitabu cha mzee ninacho... hapana, anacho Sada. Na duka limefungwa. Mzee kasema atalala kwa dada yake, arudi kesho. Shamba likifa, nyumba ile itakula nini?

Alhamisi, 6 Machi
Sada kaingia kama radi, mtoto mgongoni. Kitabu kimemwambia ulezi ukidhoofika aung'oe na kuuchoma moto. “Kaka Valerian, huyu nimng'oe wapi?” Nikatamani ardhi ipasuke. Mzee Ignasi, aliyekuwa benchini, kakipokea kitabu kwa mikono miwili. Kasoma, kasema bado hajachelewa. Kisha kamwambia Sada amlaze mtoto kifudifudi mapajani, ampapase mgongo. Mtoto kacheua, kalala palepale. Sada kalia kwa furaha. Nusura nami.

Jumatatu, 17 Machi
Mzee kapiga simu: ugonjwa umekoma! Mkuu karudi, kakuta namba zote mahali pake. Rosina kazibandika upya, mimi nikishika gundi, na hajanisema kwa mkuu. Mungu amlinde. Nimepona!
Nimegundua kosa: maneno yanadanganya. Picha hazidanganyi. Programu mpya inapanga kwa picha ya jalada. Leo nimeijaribu kimyakimya. Kitabu cha maisha ya mtakatifu, jaladani ana njiwa begani, kimekwenda moja kwa moja kwenye ufugaji wa kuku. Kasi ya ajabu!