Mzegazega wa Baba na Madafu Kumi na Mawili

Jumatatu, 15 Juni

Mama ametoa hukumu. Leo mchana, mbele ya familia nzima na mbele ya sahani yangu ya tatu. Amesema mwaka huu hajui ni nani abebe mzegazega, ule mti wa kubebea mizigo wa marehemu baba, kwenye mbio za wabeba matunda za Julai. Hajui! Nimeuweka begani miaka kumi na moja mfululizo, mzigo mbele, mzigo nyuma, na katikati mimi. Kweli, sijawahi kushinda. Kweli, mwaka jana nilipofika watu walikuwa wameshaanza kukunja viti. Lakini nilifika.

Chanzo cha balaa hili ni mdogo wangu Taputu. Amestaafu jeshi na mwezi uliopita karudi hapa kisiwani Huahine bila kitambi. Mtu mzima wa miaka arobaini na minane anarudi kwao bila kitambi! Ni kukosa adabu. Kila alfajiri ananyanyua mawe ufukweni, kisha anachuchumaa na kusimama na gunia la mchanga mabegani. Halafu anakula yai. Yai tu.

Mama anataka tupimane Jumamosi. Kilo thelathini kila mmoja, pekupeku, kutoka kanisani hadi rasi ya Parea. Amesema atatazama, kisha atasema. Taputu akanigeukia: "Kaka, mimi nawe hatugombani, tunanyoosha miguu tu." Nikatabasamu mpaka taya zikauma.

Niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Naogopa. Nina miaka hamsini na mitatu. Kutwa nakaa gatini nikihesabu makasha yanayoshuka melini. Wiki moja tu kwa mwaka watu wananiita mwana wa baba yangu. Nikinyang'anywa mzegazega ule, nabaki karani mwenye tumbo.

Jumanne, 16 Juni

Nimeanza mazoezi. Vairea, muuguzi wa zahanati, mwanamke asiye na huruma hata chembe, aliniambia Januari kwamba mwanamume akivuka hamsini misuli inamtoroka. Dawa yake ni kunyanyua vitu vizito mara tatu kwa wiki, kidogo kidogo, kwa miezi. Miezi! Mimi nina siku nne. Nikapiga hesabu, nikaona njia ni moja: kufanya ya miezi yote leo.

Madebe mawili yaliyojaa saruji iliyoganda. Nilinyanyua mara saba, tena vizuri sana. Mara ya nane madebe yakabaki chini, na mgongo wangu ukabaki nayo. Tepora, mke wangu, alinikuta uani nimeinama nikitazamana na sisimizi.

"Baba Hiro, umeangusha nini?"

Nikamwambia ni zoezi. Akauliza zoezi lenyewe linaisha saa ngapi. Liliisha saa kumi, na aliyelimaliza ni yeye, kwa goti lake mgongoni mwangu. Alisema amesikia kitu kikilia ko. Nami nilikisikia.

Jumatano, 17 Juni

Mpango mpya. Kama mimi sipandi, basi yeye ashuke.

Nilinunua maandazi ya tui kumi na mawili dukani kwa Mchina, nikampelekea Taputu kwa upendo wa kindugu. Nikamwambia mwili wa mazoezi unataka kulishwa. Alifurahi, akanikumbatia mpaka mgongo ukalia ko tena. Akasema atampelekea Mama, maana Mama anayapenda. Nikasema hapana, kula hapa hapa nikuone! Akasema basi tule wote, kaka.

Alikula moja. Mawili akamwekea Mama. Sikutaka mdogo wangu aone nachagua chakula, kwa hiyo nikala tisa.

Wakati nikivuta pumzi chini ya ukuta, Shemasi Etera akapita na saa ya mkononi. Huyu ndiye mtunza mizani ya mbata, ile ile inayopima mizigo ya mbio. Alikuwa akimhesabia Taputu dakika! Akanisalimu na kuniuliza kama najisikia vizuri. Kanisa zima limeshachagua upande.

Alhamisi, 18 Juni

Nimepata! Nimepata! Nilikuwa kwenye makasha, namba ya arobaini na kitu, nikaona watu wa melini wakinywa madafu. Wakinywa na kutupa. Dafu likiwa limejaa linavunja mkono. Likinyonywa linakuwa jepesi.

Desturi yetu inajulikana. Kila mbebaji hufunga mzigo wake mwenyewe, kwa mazao yoyote ya shamba. Wengi hufunga ndizi na magimbi. Mzigo hupimwa kabla ya mbio. Mara moja tu! Miaka yote mia na kitu hakuna aliyewahi kuuliza mzigo una kilo ngapi ukiwa njiani. Watu wema sana, lakini si wepesi wa kufikiri.

Madafu kumi na mawili. Sita mbele, sita nyuma. Nimemtumia salamu Vairea kwamba misuli yangu iko kichwani.

Ijumaa, 19 Juni

Kazi ya mikono tangu asubuhi. Gatini nimeaga kwamba naumwa mgongo, jambo ambalo kwa bahati mbaya ni kweli.

Kila dafu matundu mawili, moja la kutolea maji chini, moja la kuingiza hewa juu. Mimi si mjinga. Matundu nimeyaziba kwa utomvu wa mshelisheli, ule ule wazee walioutumia kuziba mitumbwi. Ndani ya kila kizibo nimepitisha mshipi wa kuvulia, na mishipi yote inakutana kwenye uzi mmoja unaopita kiunoni mwangu. Nikivuta, maji chini. Nimejaribu kwa dafu moja: hesabu ya ishirini, kavu!

Utomvu unashika. Umeshika vidole, ndevu, kitasa cha mlango na mbwa.

Nimetoboa mzigo wa nyuma peke yake. Wa mbele uko machoni pa watu, na wa nyuma anaweza kuuona tu aliye nyuma yangu. Nyuma yangu kwa kawaida hakuna mtu.

Tepora aliuliza nafanya nini na madafu tangu asubuhi. Nikasema napamba. Nikafunika vizibo kwa majani na maua. Akasema miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kuletewa hata ua moja. Nikampa moja. Lilimganda kidoleni.

Jumamosi, 20 Juni

Naandika nimelala ubavu.

Asubuhi ilianza kwa heshima zote. Nilijipaka mafuta ya nazi mwili mzima, mabega yakameta. Mizani ikasoma kilo thelathini na robo. Shemasi Etera akasema kwa sauti, "Poroi, mwaka huu umekuja kikazi." Mama alikuwa ameletewa kiti nje ya duka la Mchina, nusu ya safari, pamoja na akina mama wote wa Parea. Tukaomba. Tukaanza.

Taputu akapotea mbele yangu kama mtu aliyeitwa chakulani. Sikujali. Nilijikokota hadi karibu na duka, nikahakikisha nyuma hakuna mtu, nikavuta uzi.

Ee Mungu, raha! Nilihisi maji yakitoka, kilo moja, mbili, tatu na nusu! Nikaanza kukimbia. Mimi, kukimbia! Akina mama wakasimama. Mama akainua mkono. Kwa hatua kama kumi nilikuwa mwanamume wa miaka thelathini.

Hatua ya kumi na moja mzigo wa mbele ulianza kushuka.

Miaka kumi na moja chini ya mzegazega! Kila mtu kisiwani, hata anayenyonya, anajua kwamba pande mbili lazima zilingane. Nami nimekomba upande mmoja. Nikajaribu kuurudisha mti nyuma begani. Bega lina mafuta. Mti ukateleza kwenda mbele, madafu sita yaliyojaa yakagonga barabara, goti langu likayagonga madafu, nami nikafuata kwa tumbo.

Kisha nikaona wote wanatazama shuka nililojifunga. Lililowa kuanzia kiunoni hadi vifundoni. Nyuma yangu, kwenye lami, mchirizi mrefu.

"Maskini, Baba Hiro wa watu!" akasema mmoja.

"Kibofu hicho," akasema mwingine. "Marehemu mjomba wangu kilimwanza hivyo hivyo."

Vairea akaja mbio, akapiga magoti, akaniuliza polepole, kama anaongea na mtoto, imeanza lini hali hii. Nikamtazama. Nikamtazama Mama. Nilikuwa na majibu mawili tu: nimejikojolea, au nimedanganya.

Nikasema Februari.

Taputu alikuwa ameshafika rasini. Akageuka, akarudi mbio, mzigo wake bado begani! Akautua, akachukua wangu, akaniambia nimshike mkono tutembee. Akausikiliza mzigo begani.

"Kaka, mbona huku nyuma kama hamna kitu?"

Nikasema naona kizunguzungu. Wakanipeleka nyumbani kwa gari la samaki.

Jumapili, 21 Juni

Kanisani wameombea kibofu changu. Kwa jina. Shemasi Etera alisema "kibofu cha ndugu yetu Poroi" mara tatu, na watu mia mbili wakaitika amina. Nyumbani nimepokea chupa nne za mizizi na ushauri wa kila mzee.

Kitu kimoja nilikisahau. Baada ya mbio mizigo hufunguliwa na kuliwa na wote, Jumapili, kwenye ua wa Mama. Nimekula chakula hicho maisha yangu yote, na nimekisahau!

Mama mwenyewe alikuwa na panga. Dafu la kwanza, tupu. La pili, tupu. La tatu akaligeuza, akakiona kizibo, akakivuta kwa kucha, mshipi ukaja nacho. Akakifumbata kizibo kiganjani, watu wasikione. Akaniita jikoni.

Nilitegemea kelele. Angepiga kelele ningekuwa na la kujibu. Akakaa juu ya kigoda, akasema kwa sauti ya chini kwamba baba naye hakushinda hata mwaka mmoja. Mbio hakuwa nazo, alikuwa mzito kama mimi. Lakini hakuwahi kuutua mzigo kabla ya mwisho.

"Taputu nilishamwambia tangu Jumatatu, kaka yako akifika tu, hata kwa kutambaa, mzegazega ni wake. Akakubali. Alikimbia ili na wewe ujinyooshe kidogo, mwanangu. Tumeona unavyohema ukipanda ngazi. Hatutaki kukuzika."

Nikamwambia basi angalau niseme ukweli kwa watu. Akasema nisiseme. Watu wameshachoka kwa kuniombea, wasisumbuliwe.

Kisha akatoka nje, akampa Taputu mzegazega. Nililia. Nililia kweli, pale jikoni, usoni kitambaa cha kukausha vyombo. Taputu alikuja akanishika shingo, akasema mwakani Juni tunapimana tena, na nikimshinda kihalali au hata nikifika tu kihalali, ataurudisha mwenyewe kwa mikono miwili. Kesho alfajiri ananipitia. Tuanze na kilo kumi, tupande kidogo kidogo.

Nilimwahidi. Kwa moyo wote.

Jumatatu, 22 Juni

Taputu kaja alfajiri, kweli, na gunia dogo na mayai mawili ya kuchemsha. Nikamjibu kutoka dirishani kwamba kibofu kimenishika. Akasema, "Pole, kaka, basi kesho." Mayai akaacha kizingitini. Nimeyala.

Nimeyatafakari maneno ya Mama kutwa nzima, gatini, kasha baada ya kasha. Si desturi yangu kukiri makosa, lakini mwanamume wa umri wangu lazima ajitazame kwenye kioo. Mama amesema kweli. Aibu yote ile niliitaka mwenyewe, na sababu yake naijua sasa.

Nilitoboa upande mmoja tu.

Mwakani natoboa yote kumi na mawili.