Feni Kumi na Moja na Shahada Moja

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Kompyuta,

YAH: OMBI LA KUMZUILIA BINTI YANGU SHAHADA MPAKA AJUE KUTENGENEZA FENI

Pokea salamu za amani pamoja na heshima zangu zote. Mimi ni mshonaji wa nguo, elimu yangu ni ya darasa la saba, basi nikikosea kukuita vyema nisamehe kama mama yako. Binti yangu yuko kwako mwaka wa mwisho, anasomea teknolojia ya habari. Mahafali ni wiki mbili zijazo, na mimi badala ya kumshonea gauni niko hapa nakulalamikia. Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Siku alipopata nafasi chuoni kwako, nilisimama kwenye kikundi chetu cha maombi nikatoa ushuhuda: "Mwanangu anakwenda kusomea mitambo!" Wenzangu wakapiga vigelegele. Kesho yake, kabla sijafungua duka, nikakuta akina mama watatu wananisubiri mlangoni, kila mmoja na pasi yake mbovu.

2. Nikampelekea binti zile pasi. Alikuwa ameinamia kompyuta yake, hata hakugeuka. "Mama, sisi mambo ya pasi hatuna." Redio je? "Wala redio." Na feni? "Mama jamani!" Nikamuuliza, sasa mchana kutwa mnafundishwa nini huko? Akanieleza habari za kanzidata kwa nusu saa nzima. Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Nilichoambulia ni kwamba ni daftari, ila halionekani.

3. Mwezi uliopita alinuna siku tatu kwa sababu programu yake ilikataa kwenda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikafunga na kuomba, chakula sikugusa. Siku ya tatu akaruka kutoka kitini akishangilia: kumbe ilikosekana nukta mkato. Mheshimiwa, nimefunga siku tatu kwa ajili ya nukta mkato! Nimewahi kufungia wagonjwa, wenye kesi, hata mume wa jirani aliyepotea na kurudi mnene kuliko alivyoondoka. Lakini nukta, hapana.

4. Hili ndilo zito, nalo nakueleza wewe tu. Kwa kuwa niliona haya kurudisha vitu vya watu vikiwa vibovu, ilinibidi nivitengeneze mwenyewe. Binti akishakwenda darasani, nashusha pazia la duka, natoa bisibisi na mafuta ya cherehani, nasema "Ee Mungu niongoze," nafungua. Pasi waya zilikuwa zimeachia. Redio moja ilikuwa imehamiwa na mende na familia yake. Feni nyingi huwa ni vumbi na nyuzi, na nyuzi nimeishi nazo miaka thelathini. Kitu kikipona nakirudisha kwa mwenyewe nikisema, "Binti yangu huyo!" Uongo huo nimeusema mara ishirini na saba, feni peke yake ni kumi na moja. Nimetafakari sana, na kwa haki naona dhambi hizo ni za kitivo chako. Mngefundisha feni, mimi saa hizi ningekuwa mtakatifu.

5. Sasa sifa zimevuka mipaka. Mwenyekiti wetu, tunayemwita Mama Kipaza kwa jinsi sauti yake isivyohitaji msaada, ametangaza kwamba Jumamosi hii binti yangu atatengeneza kipaza sauti cha ukumbi mbele ya kikundi kizima, "tumwone kwa macho yetu wenyewe." Binti hana habari. Akishika bisibisi kwa upande wa ncha, nimekwisha. Nitakwenda kusali wapi mimi?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: ama mumfundishe kipaza sauti kabla ya Jumamosi, ama mumzuilie shahada na kutangaza kwamba kosa ni la mtaala. Yote mawili yakishindikana, njoo wewe mwenyewe na bisibisi yako, tutakuficha nyuma ya pazia la jukwaa.

Nisalimie walimu wote, na yule mlinzi wa getini anayemwita binti yangu "injinia" na kuniongezea matatizo, na mama yako mzazi popote alipo.

Nakuombea daima,
Mshonaji, mlango wa pili baada ya kinyozi

Tanbihi: Mheshimiwa, nilikuwa nalamba bahasha, mara akaingia bibi mmoja, mgeni kikundini, amekumbatia feni kama mtoto mchanga. Anasema mwanawe ni msomi mkubwa wa kompyuta, mkuu wa kitivo kabisa, lakini kila akimwonyesha feni hii anajibiwa, "Mama, sisi mambo ya feni hatuna." Akimsisitiza: "Mama jamani!" Neno kwa neno. Hapo nikatambua kwamba binti yangu amehitimu, hakuna alichobakiza. Hayo ya juu yote yafute, mpe shahada yake.

Feni ya mama yako nimeifungua mbele yake, pazia likiwa wazi. Ilikuwa uzi tu. Nikamkiria uongo wangu wote, mara ishirini na saba, naye akacheka mpaka akashika meza. Tumekubaliana Jumamosi tupande jukwaani wawili, nikiri na kwa wenzangu, kisha mimi nitengeneze na yeye anishikie tochi, binti akae mbele atutazame. Ila kuna redio yake uliyoifungua ukiwa darasa la tano, ukashindwa kuifunga. Anasema skrubu nne bado unazo wewe. Tafadhali mkabidhi binti yangu siku ya mahafali, pamoja na shahada.