Fundi Makochi na Farasi wa Kulalia

Sogeeni, enyi nyote mliowahi kushuka kwenye baiskeli mmekunjika kama kisu cha mfukoni! Zimeni redio, wekeni vikombe chini, na mwenye kikohozi akikohoe sasa hivi akimalize, nipate kuwasimulia habari za Fundi Makochi, jabali la sponji, amiri wa misumari midogo, mfariji wa makalio ya mji mzima, ambaye yeye mwenyewe hakuwa na mahali pa kuyaweka ya kwake.

Kwa maana nyumba yake ilikuwa bondeni na karakana yake kilimani, na kila asubuhi shujaa huyo aliparamia baiskeli yake yenye kiti kigumu kama kauli ya mwenye nyumba, akafika juu amepinda, akawaamkia wateja huku akitazama viatu vyao. Mgongo ulikuwa umemwasi. Daktari alikwisha kumwambia achague kimoja, baiskeli au mgongo. Na shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi pikipiki mwenye gereji palepale bondeni, alikwisha kumtafutia kazi.

"Funga karakana, shemeji," alimwambia. "Njoo kwangu uwe unanishikia spana. Ni kazi ya kukaa tu, hata babu angeiweza."

Kumshikia spana shemeji! Yeye, ambaye hata hakimu alikaa pale alipoambiwa na yeye!

Basi akatangaza vita. Alisimama katikati ya sebule, mkono mmoja kifuani, wa pili kiunoni, na huo wa kiunoni haukuwa wa mbwembwe, akanguruma:

"Sikia, mama watoto! Sitakalia tena chuma kama mtu anayetumikia kifungo. Nitaunda chombo ambacho jicho halijakiona. Nitakwenda kazini nimelala, miguu mbele, mgongo kwenye sponji, na umeme utanisukuma hadi kileleni!"

Mkewe aliendelea kukunja nguo. "Kwa kulala sikupingi, baba watoto, kipaji unacho. Ila wewe hutalala. Wewe utalazwa."

Maneno hayo yalimchoma shujaa, lakini hayakumrudisha nyuma. Akazikata baiskeli mbili kuukuu, akazichomelea zikawa kitu kimoja kirefu, chini chini, chenye sura ya panzi aliyekanyagwa. Akaunga cheni kwa cheni hadi ikawa ndefu kama mashitaka ya mke. Kochi la wageni likatolewa mhanga, likachunwa sponji na kitambaa cha maua, likawa kiti ambacho sultani angekigombania. Shemeji akamletea gurudumu lenye mota, betri yake na kidude cha kuongozea umeme, vyote vimetoka kwenye pikipiki ya umeme iliyokufa.

"Chukua," alisema akijifuta machozi ya kicheko. "Ikikushinda, irudishe siku utakayokuja kuanza kazi."

Ikabaki kuunga nyaya: tatu za mota, njano, kijani na bluu, na tatu kama hizo za kile kidude. Shujaa akazikazia macho yale yale yaliyopamba sebule za mji, akaziunga, akazivika utepe mweusi, akajilaza kitini mbele ya majirani waliokwisha kujaa uani.

"Enyi mlionicheka!" alipaza sauti. "Tazameni mtu anavyokwenda mbele!"

Akabonyeza kitufe. Naam, ndugu zangu, akaenda nyuma. Alikwenda nyuma kwa kasi na heshima, pedali zikimzungusha miguu bila ruhusa yake, akapasua safu ya ndoo, akaingia kwenye kamba ya nguo, akatokea upande wa pili amevishwa shuka la jirani kama mfalme wa kale, kisha ukuta ukampokea.

Shemeji akachuchumaa, akafungua utepe.

"Shemeji, nani kakuambia njano iende na bluu?"

"Macho yangu. Nani mwenye akili anaweka mto wa bluu juu ya kochi la bluu? Bluu hung'aa kwa njano."

"Na kijani?"

"Haikupata mwenzake. Niliiacha na kijani mwenziwe, roho ikiniuma."

"Huu ni umeme, shemeji! Si sebule ya mtu! Njano kwa njano, bluu kwa bluu!"

"Ushamba huo," alinong'ona shujaa kutoka ndani ya shuka. Lakini alizifungua kwa mkono wake mwenyewe, akaunga rangi kwa rangi akigeuza uso pembeni, kama daktari anayelazimishwa kuandika dawa mbaya.

Akabonyeza tena, na chombo kikaenda mbele. Akatoka langoni, akakishambulia kilima. Mkewe na shemeji walimfuata kwa miguu, wakitembea, kwa kuwa haikuhitajika kukimbia.

"Mzee, umeanguka?" aliuliza msukuma mkokoteni.

"Sijaanguka! Naenda kazini!"

"Jamani, mwahisheni hospitali!" alilia mama mmoja mwenye ndoo.

"Hospitali nimetoka, dada yangu! Pisha!"

Katikati ya mwinuko mota ikaanza kuhema. Hapo shujaa akaikaza miguu, akaegemeza mgongo wake kwenye maua ya kochi, akasukuma, akingojea ule msumari wa moto aliouzoea kiunoni. Akasukuma tena. Msumari haukuja. Akafika mlangoni pa karakana, akajiviringisha kutoka kitini kama gunia la mkaa, akasimama.

Kufuli lilikuwa chini kabisa, usawa wa vidole vya miguu. Mkewe, kwa mazoea, akanyoosha mkono achukue funguo. Yeye akazikatalia. Akainama, akafungua, akainuka, wala hakusema "yalaa."

Shemeji akamtazama. "Hebu inama tena."

Akainama tena.

"Basi," alisema shemeji polepole. "Nitatafuta mtu mwingine."

Na iandikwe, wana wa wana wenu wasome: kuna falme zilizoanguka na majeshi yaliyovuka majangwa, lakini siku ile, mbele ya mke, shemeji na mbuzi mmoja mpita njia, mtu mzima aliinama, akainuka, na hakuna aliyemshika mkono.