Sura ya Saba na ya Nane Zinafanana Tu

Jumatatu, 4 Agosti
Ushindi! Baba amenunua gari. Limetumika, lakini kwetu ni jipya. Kitabu chake cha maelezo ni cha Kiingereza, na nyumba nzima mwenye Kiingereza cha shule ni mimi. Baba kasema nikimfasiria chote, Jumapili atanikabidhi usukani, hapa nyuma ya nyumba. Mimi! Ambaye nikiitwa jina darasani naangusha kalamu ili nipate kuinama. Binamu yangu, tunayemwita Profesa, ameshaendesha la mama yake mara sita. Hunikumbusha kila tukionana, maskini, nisije nikasahau.

Jumanne, 5 Agosti
Sura kumi na mbili! Aliyeziandika hana marafiki. Ya saba inahusu mfumo wa kuzuia tairi kuteleza. Ya nane, mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Picha ni ileile: kigari chenye mikia miwili ya nyoka. Nikazimaliza zote mbili kwa sentensi moja: gari hili halitelezi. Fasaha kabisa. Baba akasoma, akaguna kwa heshima, akampigia simu Shangazi, mama yake Profesa, kumwarifu kwamba si yeye peke yake mwenye gari lenye akili. Shangazi akacheka. Akasema maneno matupu hayavunji mfupa. Tukutane Jumamosi kwenye uwanja wa ghala lake, maji atamwaga yeye.

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa. Baba kanituma kwa fundi, yule aliyelikagua gari kabla hatujalinunua. Katika kujidai nikamsimulia tafsiri yangu. Fundi akaweka spana chini. Akasema, ewe kijana, umewaozesha watu wawili wasiojuana. Mfumo wa kwanza huziangalia tairi zinazosukuma gari. Ukikanyaga mafuta kwenye tope, tairi ikaanza kuzunguka bure, mfumo huo unapunguza nguvu ya injini au unaibana breki tairi hiyo. Basi, kazi yake imeisha. Wa pili huangalia gari zima: usukani unataka kwenda wapi, na gari linakwenda wapi. Usukani na gari wakikosana kwenye kona, mfumo unabana breki gurudumu moja moja mpaka wapatane. Na letu, akamalizia huku akiokota spana, lina wa kwanza tu.

Nikakimbilia kitabu. Chini ya sura ya nane, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: kwa baadhi ya magari tu. Wangepungukiwa nini wakiandika kubwa?

Wakati wa chakula nilikusudia kumwambia Baba. Nikafungua mdomo. Nikaomba chumvi.

Jumamosi, 9 Agosti
Shangazi alimwaga maji kwa pampu hadi uwanja ukawa utelezi mtupu. Akaanza yeye. Kwenye kona gari lake liliyumba kidogo, kisha likajirudi kama mtoto aliyekanywa. Profesa akapiga makofi, macho kwangu.

Zamu ya Baba. Akaniketisha kando yake, mfasiri wake mpendwa. Kuondoka: safi! Taa yenye picha ya kile kigari ikapepesa, tairi zikashika. Baba akasema unaona, mwanangu, halitelezi. Kona ilikuwa mbele. Nikasema, “Baba…” Akasema nisiogope. Nikatii. Nina adabu mno.

Usukani ulikata kushoto. Gari likaendelea na safari zake, moja kwa moja. Tuliifikia pampu ya Shangazi polepole, kama wageni wanaobisha hodi. Pampu ikafa. Sisi wazima. Shangazi akauliza kama hilo nalo limo kitabuni. Profesa, bila kuulizwa na mtu, akaeleza mifumo yote miwili na tofauti zake. Hata mikono aliitumia.

Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nilijua. Nikasema tangu jana. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 10 Agosti
Usukani kapewa Profesa. Mimi nimepewa ndoo na kitambaa. Amezunguka nyuma ya nyumba asubuhi nzima, akipiga honi kila anaponipita.

Jioni Baba karudi na pampu mpya ya Shangazi. Kitabu chake kurasa arobaini, Kiingereza. Kasema hii ni nafasi yangu ya mwisho: nisiruke hata neno, na Jumapili ijayo usukani ni wangu. Nimeapa. Nimejifungia chumbani. Nimechonga penseli mbili.

Sura ya pili: jinsi ya kuiwasha. Ya tatu: jinsi ya kuizima.

Picha ni ileile. Sentensi moja inazitosha.